Mapambo Sita ya Mahameli

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na wewe umenirudisha huko leo bila kujua. Umekuja na mapambo ya Krismasi yaliyochakaa na mfuko wa vitambaa, unataka nikuonyeshe jinsi ya kuyavisha upya. Nitakuonyesha. Lakini kwanza weka mkasi chini unisikilize.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu. Nilikuwa najifunza ushonaji katika soko dogo la Roret kwa fundi aliyeitwa Mama Kiprono, kwenye veranda ya duka inayotazama mashamba ya majani chai. Tulikuwa wanagenzi wawili, mimi na Wambui. Mamake Wambui aliuza viazi na kabeji pale sokoni. Walikuwa watu wa kabila lingine, wamehamia kwetu kutoka Nyeri kabla Wambui hajazaliwa, na Kikipsigis, lugha yetu, alikisema vizuri kuliko mimi. Lakini mwaka ule majirani walianza kuangaliana kwa jicho la pembeni. Watu walinong'onezana habari za nyumba za wahamiaji zilizochomwa huko mbali. Ukisikia mbwa akibweka mchana, unasimama kwanza usikilize. Tuliogopa sote, ila Wambui na mamake waliogopa zaidi, na walikuwa na sababu.

Kanisa letu lilikuwa na mipira ya kioo ya kupamba mti wa Krismasi, mikuukuu, rangi imebanduka. Nikajitolea kuivisha. Unakata duara la kitambaa, unapitisha uzi ukingoni, unaweka mpira katikati, unavuta, kisha unafunga juu kwa utepe. Kazi rahisi, nami nilipenda kusifiwa, hilo nalikiri.

Sasa, kwa fundi kulikuwa na sheria. Mabaki hutupwa kwenye gunia chini ya meza. Vipande vya nguo iliyokwisha kukatwa hukunjwa pamoja, hufungwa kwa ukanda wa kitambaa hichohicho, kisha huwekwa rafuni. Jumatano ile Mama Kiprono alikata gauni la Mama Chepkirui, mke wa mzee wa kanisa. Mama huyo alingoja bonasi ya mwaka ya majani chai ndipo akaenda Kericho kununua mahameli nyekundu. Nikaambiwa nikunje, nifunge, niweke. Nikakunja, nikaacha mezani bila kufunga, kwa sababu nilikuwa nakimbilia mazoezi ya kwaya. Haraka haraka haina baraka, nawe methali hiyo unaijua tangu nasari, kama nilivyoijua mimi.

Jioni nikarudi kuchagua mabaki. Juu ya gunia nikakuta vipande viwili vikubwa vya mahameli. Nilifurahi kweli! Nikakata maduara sita bila kujiuliza. Alhamisi asubuhi mipira ilikuwa imening'inia kanisani, na mchana Mama Kiprono akatandaza gauni mezani, akakosa mikono yote miwili.

Nilijua palepale: vipande nilivyoacha mezani bila kufunga vilianguka juu ya gunia, nami nikavikata. Mama Chepkirui alikuwa amekuja kupimwa, akasimama pale karibu na cherehani. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Wambui, ambaye ndiye aliyefagia veranda jioni iliyotangulia.

"Hawa watu niliambiwa," akasema. "Unawapea kazi, wanakuibia ukiangalia."

"Mimi sijaona kitu, mama," Wambui akajibu. Nami niliinamisha kichwa, nikajifanya natunga uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari.

Kufikia Ijumaa soko zima lilikuwa na habari. Watu walipita kibanda cha viazi bila kusalimia. Jumamosi nikaingia kanisani kinyemela kushusha ile mipira, na hapo ndipo Wambui aliponikuta, kwa maana ilikuwa zamu yake ya kuosha sakafu. Aliitazama mahameli mikononi mwangu, akaweka ndoo chini.

"Sema wewe, Chela," akaniambia polepole. "Mimi nikisema, watasema nimekusingizia. Na mami hajalala tangu juzi."

"Nitasema kesho," nikamwahidi.

Kesho, mwanangu! Niliogopa fimbo ya baba, niliogopa kufukuzwa na fundi, na zaidi ya yote niliogopa kuulizwa kwa nini namtetea mtu wa nje. Hilo la mwisho ndilo linaloniaibisha hadi leo.

Jumapili, mahubiri yalipokwisha, nilisimama na mipira sita ndani ya leso nikasema yote. Mama Chepkirui alishika mdomo, kisha akasema, "Twende tumwambie mamake." Tukatoka, yeye, mimi na Mama Kiprono, tukashuka sokoni katika manyunyu. Kibanda kilikuwa kimepigiliwa misumari. Jirani alituambia waliondoka alfajiri kwa lori la kabeji, na viazi vilivyobaki wakawaachia wenzao.

Mama Kiprono alinigeukia.

"Kitambaa ningekusamehea Alhamisi," akasema. "Hizi siku tatu nitakusamehea vipi?"

Hakunifukuza. Alinipa sindano, nikalishonea gauni mikono myeusi niliyoikata kutoka kwa sketi yangu mpya ya Krismasi. Mama Chepkirui alivaa gauni lile miaka mingi, na kila nilipoliona kanisani nilitazama chini. Wambui nilimuulizia kwa kila mfanyabiashara aliyetoka Nyeri. Sikumpata. Mpira mmoja niliuweka, ndio huo ulioushika ukiniuliza mbona sitaki uvuliwe kitambaa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosa, mwanangu, sema siku hiyohiyo. Ukiona mwingine analibeba kosa lako, usingoje kupata ujasiri, sema ukitetemeka. Na kama aliyebebeshwa ni yule ambaye watu walishamshuku kabla hajafanya lolote, basi kimbia ukaseme, kwa maana woga wako utapita, lakini wake unaweza kumtoa nyumbani.

Mungu akujalie mikono inayofunga ilichokunja, na ulimi usiongoja Jumapili. Haya, chukua mkasi. Lakini kabla hujakata, niulize kwanza kila kitambaa ni cha nani.