Lobi ni jana au kesho? Nilivyoishtaki njia yangu mwenyewe Kisangani

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya ninayosimulia yalinipata mimi mwenyewe, sijayaazima kwa mtu. Mkiona pa kucheka, chekeni tu. Mimi mpaka leo sijui kama ni ya kucheka.

Ilikuwa Kisangani, enzi za Zaire. Enzi za chama kimoja, za kuitana "Citoyen", yaani raia, na za salongo: kila Jumamosi raia mnatoka na mapanga na majembe kufanya kazi ya umma, utake usitake.

Mimi ni mtoto wa Bukavu. Nilikuwa nimemaliza chuo palepale Kisangani, biolojia, nikapata kazi ya majaribio kwenye ofisi ya zone, yaani wilaya, chini ya mkuu wake, Commissaire.

Kazi yenyewe ilikuwa moja tu. Kutunza njia ya kando ya mto, kutoka gati la mitumbwi, ambalo kule wanaliita "beach", hadi soko la samaki.

Ikikaa vizuri, ninaajiriwa. Ikinishinda, ninarudi Bukavu kumweleza baba kwamba miaka yote ile ya shule haikutosha kulinda njia ya miguu.

Basi nikawa silali vizuri kwa kuifikiria njia.

Ilikuwa inatumiwa na kila mtu. Wamama na mabeseni ya samaki kichwani, watu wa baiskeli, wasukuma mikokoteni, wanafunzi wanaosoma daftari huku wanatembea. Kugongana kila siku.

Nikabuni mpango. Nikapanga mawe meupe katikati, nikatangaza: waenda kwa miguu kuume, magurudumu kushoto.

Muuza samaki mmoja, Mama Zawadi, akaniuliza, "Citoyen, kuume ya kwenda ao kuume ya kurudi?"

Wakuu, sikuwa nimefikiria kurudi. Nilikaa na swali hilo siku tatu.

Nikiwa bado natafuta jibu, malaria ikanilaza siku mbili. Niliporudi ofisini Alhamisi asubuhi, nikakuta karatasi mezani kwangu. Mwandiko wa Papa Botola, msimamizi wa wafanyakazi wa njia, mtu wa mto, Kilingala ndiyo lugha yake.

Maneno matatu tu: "Inspection nzela, lobi."

Inspection ni ukaguzi, nzela ni njia, hayo nilijua. Lobi ndiyo iliyoniua. Kwa Kilingala, lobi ni jana. Na lobi ni kesho. Neno moja! Kitenzi ndicho kinachokuambia ni ipi, na Papa Botola hakuweka kitenzi.

Nikamkimbilia mpiga taipu wetu, Citoyenne Furaha. Akasema Papa ameiacha asubuhi hiyo hiyo, kisha akavuka kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, kwenye matanga ya shemeji yake.

"Sasa hii lobi ni jana ao kesho?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kama Commissaire alikuya, iko jana. Kama hayakuya, iko kesho." Akaendelea kugonga mashine yake.

"Na alikuja?"

"Mie niko mulinzi wake?"

Nikaenda njiani mwenyewe. Pale mwanzo, kwenye tope, nikaona alama za matairi ya gari. Nikasema basi, kwisha. Commissaire wa zone amekuja jana, mimi nimelala na homa, amekuta njia haina mtu.

(Baadaye nilikuja kuambiwa ni lori la bia lilikuwa linageuza. Lakini hiyo baadaye.)

Ningeweza kusubiri Papa avuke kurudi. Mtu mwenye akili timamu angesubiri. Mimi nilikaa nikamwandikia Commissaire barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, na kwa sababu nilidhani ameshaona kila kitu, nikakiri kila kitu.

Kwamba mawe meupe yanapungua kwa sababu wamama wameyafanya mafiga ya kupikia, na mimi nimewaona nikanyamaza.

Kwamba daraja dogo la kijito lina ubao uliooza.

Na kwamba siku ya salongo majani yanakatwa mpaka pale jicho la mtu aliye ndani ya gari linapofika. Mbele ya hapo hakuna panga linalogusa.

Nikaipeleka ofisini kwake mchana uleule.

Papa Botola alirudi jioni. Nikamuuliza kwa upole, "Papa, lobi ile ilikuwa jana, siyo?"

Akaniangalia. "Jana gani? Iko kesho, mwana. Juu ya nini unatoka jasho?"

Ijumaa asubuhi Commissaire akaja. Kwa miguu. Abacost, ile suti ya wakubwa wa enzi hizo isiyo na tai, imenyooshwa vizuri, na mkononi barua yangu.

Hakuzungusha macho kutafuta kosa. Alienda moja kwa moja, kama mtu mwenye ramani.

"Point ya kwanza." Akahesabu mawe.

"Point ya pili." Akakanyaga ubao, ukalia, akarudisha mguu.

"Point ya tatu." Akaingia kwenye majani yasiyokatwa mpaka yakamfika mkanda. Akatoka na abacost imejaa vijimbegu vya kunata. Hakuna aliyethubutu kumpangusa.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mimi, Citoyen Commissaire."

"Unaomba pardon juu ya inspection ya jana. Ile jana yako nilikuwa kwangu, kichwa ilikuwa inaniuma. Alors, nani alikuya kukagua pa nafasi yangu?"

Nikageuka kutafuta wa kunisaidia. Nikamwona Papa Botola anatazama mto kwa bidii sana.

Mama Zawadi ndiye aliyesema. "Citoyen Commissaire, ile ubao iko ya kuoza kweli. Mwenzangu aliangukaga pale na beseni yake yote. Kama iko makosa kuandika, basi na sisi tutaanguka kimya."

Commissaire akakunja barua, akaitia mfukoni, akaondoka.

Kesho yake, siku ya salongo, agizo likaja kwamba kazi ianzie mwisho wa njia, si mwanzo. Ubao mpya ukaletwa. Mawe hayakurudi, na hakuna aliyeyaulizia.

Baada ya wiki kadhaa karatasi yangu ikatoka. Nimeajiriwa!

Lakini pale pa kueleza sifa za mfanyakazi, Commissaire aliandika sentensi moja tu kwa mkono wake: "Citoyen huyu anajua makosa yote."

Nilifanya kazi pale miaka kadhaa na kila nikimwona nilitaka kumuuliza. Sikuuliza.

Nililojifunza: ukikutana na neno lenye siku mbili, vuka mto kamfuate aliyeliandika, kabla hujashika kalamu.

Sasa wakuu, hasa mliowahi kufanya kazi chini ya watu wa aina ile, nisaidieni. Ile sentensi ilikuwa sifa, au alikuwa ananionya?