Maiki Aliyoinunua kwa Hasira

Siku wimbo wa Chiriku ulipotoka redioni kwa sauti ya mtu mwingine, kichwa changu kilikuwa mikononi mwake. Alikuwa amefika nusu ya kunisuka, upande mmoja tayari, upande wa pili bado umesimama kama jogoo aliyenyeshewa. Mikono yake ikasita. Kisha ikaendelea, ila kila msuko ukawa unavutwa mpaka nyusi zangu zikapanda.

"Taratibu, shoga," nikamwambia.

 Redioni msichana alikuwa akiimba juu ya mama aliyefua nguo za watu ili mwanawe apate sare ya shule, mama aliyempa mtoto wake jina la utani, Mpasua Sufuria. Wimbo huo niliujua. Wateja wote wa saluni ile tuliujua, maana Chiriku aliutunga palepale, mwaka aliomzika mama yake, akiuimba kidogo kidogo huku anatuchana. Mpasua Sufuria alikuwa yeye mwenyewe. Utotoni hakuna chombo cha mamaye alichokiacha bila kukipiga kama ngoma.

"Sauti ya nani hiyo?" nikauliza.

"Mchumba wa shemeji."

Shemeji mwenyewe ni mdogo wa mumewe, mwenye studio ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mtaani kwetu hakukuwa na nyingine. Ndiye aliyemrekodi Chiriku wimbo ule, kisha akamwambia awe na subira, kazi nzuri haitaki haraka. Naye akasubiri, akijua yuko mikononi mwa ndugu.

Alinimaliza kichwa, sifa hiyo nampa. Halafu akafunga saluni, akapanda ngazi za studio bila hata kuvua aproni. Aliyoyakuta huko alinisimulia kesho yake kwa sauti ya chini, neno kwa neno. Shemeji hakukana. Alizungusha kiti chake, akasema, "Sauti unayo, shemeji, sibishi. Ila sura ya kuuza huna. Watu siku hizi wanasikiliza kwa macho. Na wimbo si umebaki ndani ya ukoo? Sasa tatizo liko wapi?"

Mumewe ni dereva wa lori, mpole, mtu asiyetaka makuu. Alimsihi aliache. "Yule ni mdogo wangu. Yatapita."

"Kwako yatapita," Chiriku akamwambia. "Kwangu yamekaa, na yamevua viatu."

Akiba aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya draya mpya ikageuka akiba ya vita. Aliamua kujirekodi mwenyewe, nyumbani kwake, na aliponijia kwa ushauri sikuwa na la kumzuia. Nikamsindikiza dukani.

Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Chiriku hata salamu hakuimalizia. Alinyoosha kidole kwenye maiki moja ya rangi ya fedha, imelazwa ndani ya kisanduku cha mbao kama yai.

"Ile pale. Yeye anayo ya namna ile, lakini mimi nataka iwe kubwa kuliko yake."

"Yeye nani?"

"Wewe niuzie tu."

Muuzaji akavua miwani, akaipangusa. "Dada, unanunua maiki au unanunua ugomvi?"

"Vyote viwili. Nifungie pamoja."

Yule bwana akacheka, lakini hakukimbilia kufunga. Akaanza kuuliza nyumba yake ikoje, dari ni ya nini, majirani ni watu wa kazi gani. Chiriku akaona anacheleweshwa. Akaelezwa kwamba ile ya fedha ni ya kondensa, ina masikio makali, mbu akipiga mwayo inamsikia, kwa hiyo inataka chumba kilichotulia. Ziko nyingine zinaitwa dainamiki. Hizo zinamsikia aliyesogeza mdomo karibu, wengine zinawapuuza. Akamwonyesha moja nyeusi, nene kichwani, nyembamba mkiani.

"Hiyo ni mchi wa kinu," Chiriku akasema. "Siendi vitani na mchi."

Akabeba ile ya fedha, na kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta, na hedifoni kubwa zilizomfurahisha kwa wepesi wake, na standi. Laptopu alikuwa nayo, kuukuu, aliiachiwa na binti yake alipoolewa.

Tulifunga vyombo chumbani kwake, kati ya kabati na kitanda. Akaimba ubeti mmoja. Kisha tukasikiliza, sikio moja la hedifoni langu, la pili lake. Sauti yake ilikuwa nzuri kweli. Ila nyuma yake alikuwepo fundi wa kuchomelea wa nyumba ya pili, grinda yake inalia juu ya geti la watu. Alikuwepo kuku anayetangaza yai. Na alikuwepo mama wa ng'ambo ya ukuta akimuuliza mumewe rangi ya midomo imefikaje kwenye kola, na majibu ya mume tuliyapata yote. Mimi nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Chiriku alikuwa amekunja uso.

"Nikipeleka hii, shemeji atasema nimerekodi soko."

Akaenda kwa fundi kumwomba anyamaze kidogo. Fundi akainua kioo chake cha usoni. "Dada yangu, chuma hakinong'oni."

Ilibidi ameze kiburi chake na kurudisha vitu dukani. Yule muuzaji hakumcheka. Alifungua mlango wa duka kelele za barabara ziingie, akamsimamisha mbele ya maiki kadhaa, moja baada ya nyingine, akamwambia afumbe macho, aimbe, asikilize, achague bila kuangalia. Chiriku akaimba. Uso wake ukalegea, mabega yakashuka. Ndiyo mara ya kwanza tangu siku ile ya redio nilipomwona amemsahau shemeji. Alikuwa anautafuta wimbo wa mama yake, basi.

"Hii hapa," akasema. "Hii inanisikia mimi."

Alipofumbua macho alikuwa ameushika mchi.

Muuzaji akambadilishia na hedifoni, akampa nzito zinazoziba masikio, maana zile nyepesi zinavujisha muziki nao unarudi ndani ya maiki. Spika Chiriku alizitaka, akaambiwa zisubiri, kwanza akatengeneze chumba. Tukaegemeza godoro ukutani, tukatundika mablanketi mlangoni. Ile "p" ya Mpasua ilikuwa ikipasuka kwenye maiki kama puto, mpaka alipovuta soksi ndefu ya nailoni juu ya duara la waya, akaiweka mbele ya mdomo. Ngoma ya wimbo aliipiga kwenye sufuria ya marehemu mama yake, kwa mwiko.

Kazi ilipokamilika hakuipeleka redioni mwenyewe. Alitugawia sisi wateja, kila mmoja kwenye simu yake. Mpe msusi adui, umeipa saluni nzima adui. Wiki haikuisha, wimbo ukamfikia mtangazaji wa redio, naye akacheza nyimbo zote mbili, kisha akampigia simu mchumba wa shemeji, akamuuliza Mpasua Sufuria ni nani.

"Ni... ni jina la kisanii tu," msichana akasema.

Mji mzima ulicheka. Yule binti alirudisha pete, akalia kwamba aliambiwa wimbo umenunuliwa kihalali. Nilimwonea huruma. Chiriku hakumwonea. Alikuwa tayari anawafuata wateja wa studio, kwaya baada ya kwaya, mtunzi baada ya mtunzi, akiwakaribisha waje waimbe kati ya kabati na kitanda. Wakaja. Ghorofani kukawa kimya, na duka la vifaa vya ujenzi likaanza kuulizia kile chumba kiwe stoo ya rangi.

Ndipo shemeji akaja, ameletwa na mama yake. Chiriku aliniita niwe shahidi.

"Mwanangu," mama mkwe akaanza, "mtoto akikunyea mkono, hutaukata."

"Sijaukata, mama. Naunawa."

Akataja sharti moja la suluhu. Shemeji akae mbele ya maiki, aseme alichofanya. Basi shemeji akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha kaka yake, hedifoni kichwani.

"Niliuchukua wimbo wa shemeji yangu bila..."

"Hapana. Kuchukua ni kwa mtu aliyeazima. Sema niliiba."

Akasema. Chiriku akatikisa kichwa. "Sogea karibu. Hii haimsikii aliye mbali." Akarudia. "Neno 'niliiba' umelimeza." Akarudia. "Hapo umepumua." Akarudia tena, jasho linamtiririka. "Grinda imeingia, rudia." Mimi na yeye tulijua vizuri kwamba maiki ile grinda haiisikii. Sauti ya shemeji ikakatika, machozi yakamtoka. Mama mkwe akawa anaitazama sakafu.

"Kwenye kulia umeharibu mwisho," Chiriku akasema, kwa upole kama anampaka mtoto mafuta. "Rudia, shemeji."

Mumewe aliporudi safari akaisikiliza ile rekodi. Akavua hedifoni taratibu. "Umeridhika?"

"Sijashiba. Njaa imepungua."

Kwa muda mrefu mumewe alilala sebuleni, na mama mkwe mpaka leo hanywi maji ya nyumba ile. Chiriku anajua amepoteza nini, wala hajifanyi hajui. Nilimuuliza ataipeleka lini redioni. Alisema haipeleki popote, anaitunza. Ila shemeji hajaambiwa hivyo, na hataambiwa. Kila redio inapofunguliwa karibu naye, anageuka kusikiliza.

Wanalingana umri, wale wawili. Lakini siku hizi wakikutana barabarani, shemeji ndiye anayeinamisha kichwa kwanza na kusema shikamoo. Chiriku huitikia marahaba, huku anaivuta mpaka mwisho.