Tundu la Hewa Juu ya Kilima

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na asubuhi hii imenirudia kwa nguvu hata uji nimeuacha mezani. Robine za hapa Kabambare hazitoi maji tangu juzi. Nasikia ninyi vijana wa komite ya maji mmeshapata jina la mtu wa kulaumiwa, na mnatafuta pikipiki mwende kwake. Ngoja kwanza. Kaa hapo. Mimi siwezi kukaa, nitasema huku natembea, lakini wewe kaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Vita vilikuwa bado havijafika. Nilikuwa nimetoka shuleni na diplome yangu, na wazee wakanitia katika komite niwe sekretere, kwa sababu nilijua kuandika upesi na kusema upesi. Miguu yangu haikutulia, mdomo haukutulia. Mama yangu alikuwa akiniambia, "Feza, hata sombe ikichemka jikoni unaifunua mara kumi." Kweli kabisa, niliifunua.

Maji yetu, wengi hawajui yanafikaje. Wanafungua robine, yanakuja, basi. Hakuna mashine hata moja. Kule mbali juu kuna chemchemi, imejengewa sanduku la simenti, ndani mawe na mchanga ili maji yaingie safi. Kutoka pale tiyo, bomba letu refu, inashuka bondeni, inapanda mgongo wa kilima, inashuka tena mpaka kwenye tangi kubwa juu ya mji, na kutoka kwenye tangi yanagawanywa katika kartie zote, kila mtaa. Chemchemi iko juu kuliko kile kilima, kwa hiyo maji yanajisukuma yenyewe. Mimi mwenyewe, sekretere na diplome yangu, nilikuwa sijawahi kuifuata ile tiyo hata siku moja.

Mlinzi wa njia hiyo yote alikuwa Muzee Sumaili, mtu wa Lusangi aliyeoa hapa kwetu. Mfupi, mkimya, koti moja la kijivu, jua na mvua. Kila asubuhi aliifuata tiyo kwa miguu mpaka kwenye chemchemi na kurudi. Mimi nilimwona mzembe, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukimbia wala kupiga kelele. Mungu anisamehe.

Kiangazi kile maji yalipungua. Mabidoni ya kuchotea yakapanga mstari mrefu, wanawake wakasukumana, matusi yakaruka. Wiki hiyo hiyo Muzee Sumaili akashikwa na homa, akalala kwake. Nikasema moyoni, hapa hakuna wa kumngoja. Nitafuata tiyo mwenyewe nione inapovuja. Sikumwambia mtu.

Juu kabisa ya kilima nikakuta chuma kidogo kimesimama kwenye tiyo, kimo cha mkono, na tundu kichwani. Kinapiga fyuu! Kinatema matone. Kinanyamaza, halafu fyuu tena! Nikashika kiuno. Ee, haya basi! Watu wanatukanana mjini, kumbe maji yanamwagika hapa, na yule muzee anapita kila siku akiyatazama!

Nilikuwa na kamba ya mpira, zile tunazokata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli kufungia mzigo. Nikachana pembe ya kikwembe nilichojifunga kiunoni, nikaisokomeza ndani ya tundu, nikazungusha mpira juu yake mara nyingi, nikavuta kwa meno. Kikanyamaza. Nilishuka nikiimba, nakuambia.

Siku mbili nilitembea shingo juu. Siku ya tatu robine zikaanza kukohoa. Ya nne, kavu. Kule maternite, wanakojifungulia, ndugu za wazazi walikuwa wakipanda kutoka mtoni na maji ya matope.

Na unajua watu wakiwa na kiu. Mmoja akasema kuna wachimbaji wanasafisha dhahabu upande wa Lusangi, nao wanahitaji maji mengi. Mwingine akauliza, Sumaili si wa kulekule? Ikawa imekwisha. Saa sita mchana mji ulikuwa umejaa mbele ya tangi, na muzee ameletwa akitetemeka kwa homa.

"Muzee, umewapa ndugu zako maji yetu!"

"Sikumupa mutu maji," akasema. "Nilikuwa mugonjwa, sikupanda. Lakini ile tiyo naijua. Iko na hewa ndani. Hewa inakusanyika kule juu ya kilima, na kile chuma chenye tundu njo kinaitoa. Kikishindwa kuitoa, maji hayapiti. Muniache nipande, nitaona."

Nilielewa pale pale, mwanangu, usije ukadhani sikuelewa. Kilichokuwa kimefunga maji ya mji mzima kilikuwa kipande cha kikwembe nilichokuwa nimekivaa, na pembe iliyochanika ilikuwa inaonekana. Nikaikunja ndani kwa vidole.

Shefu wa kartie akanigeukia. "Sekretere, unasema nini?"

Watu wote wakanitazama. Nikainamia daftari la komite, nikatafuta ukurasa mtupu.

"Basi andika," akasema shefu. "Mulinzi anaondolewa."

Nikaandika. Kwa mkono huu.

Jioni ile nilipanda kilima mbio, nikakata mpira kwa kisu, nikachomoa kile kipande. Hewa ikatoka kwa kishindo, ikatoka, ikatoka, mpaka nikaogopa haitakwisha. Halafu tiyo ikatetemeka chini ya miguu yangu na maji yakapita. Nikalia kwa furaha, mjinga mimi. Nilidhani nimetengeneza.

Kesho yake robine zilifurika. Na watu wakasemaje? "Mumeona? Sumaili ameondolewa tu, maji yamerudi!" Hata waliokuwa na shaka wakasadiki. Mkewe alipokwenda kuchota, walimsogeza nyuma ya mstari mpaka akarudi na bidoni tupu. Siku ya tano tangu aondolewe walifunga vyombo vyao kwenye baiskeli wakaenda zao Lusangi.

Mimi nilisema siku ya nane. Siku nane, mwanangu! Silali, sili, nazunguka nyumba kama hivi ninavyozunguka sasa. Nilisimama mbele ya wazee na kile kikwembe mkononi, nikasema yote. Wengine walinitukana, na ilinistahili. Wengine hawakuamini, wakasema huyu binti anamtetea tu muzee. Shefu akanituma Lusangi nimrudishe.

Nilimkuta shambani, anapalilia mihogo. Nikapiga magoti kwenye udongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaegemea jembe.

"Kuziba tundu haiko makosa, mutoto wangu," akasema. "Hukujua. Lakini ile siku ya tangi ulijua, na kalamu ilikuwa mukononi mwako."

"Papa, rudi. Nitawaambia kila siku."

"Waambie. Mimi sirudi."

Kisha akanikalisha, akaokota kijiti, akachora tiyo yote ardhini, kutoka kwenye sanduku mpaka kwenye robine ya mwisho. Akanionyesha wapi hewa inakaa, wapi mchanga unalala, vani ipi ya kufungia maji inafunguliwa polepole ili tiyo isipasuke. Alinifundisha mpaka jua likageuka, na hakunikaripia tena hata neno moja. Afadhali angenipiga. Kazi yake ya kuilinda tiyo niliifanya miaka yote iliyofuata kwa mchoro ule, mpaka magoti yakanishinda.

Alirudi hapa mara moja tu, kumzika mama mkwe wake. Nilitoka mbio kumpokea, nikamletea kikombe cha maji ya robine, baridi, safi. Akakipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akakiweka chini. Halafu nikamwona ananyoosha mkono kwenye baiskeli yake. Alikuwa amebeba maji yake mwenyewe kutoka Lusangi, ndani ya bidoni, na hayo ndiyo aliyokunywa.

Basi nisikilize. Kabla pikipiki haijafika kwenye mlango wa mtu huyo mliyemtaja, fuateni tiyo kwa miguu, kuanzia kwenye sanduku. Magoti yangu yanauma, lakini twende, nitawaonyesha kile chuma. Tukikuta ni mtu amekata, tutasema. Tukikuta ni mkono wa mmoja wetu, aseme saa ile ile, mbele ya watu wale wale, maji yakiwa bado hayajarudi. Yakisharudi, kila mtu ataamini alichokwisha kuamini, na wewe utabaki na ukweli wako mkononi kama mimi na kikwembe changu. Na wakikupa kalamu uandike usichokiamini, iweke chini, hata wakuone mwoga.

Mungu akupe moyo wa kungoja, mwanangu, akupe na ulimi usiochelewa. Nyumba yako isikose maji, na jina lako lisiingie kamwe katika vinywa vya watu wenye kiu. Haya, inuka. Lete panga, njia ya kilima imeota majani.