Miti Katika Shamba la Masika

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mradi wa kuzuia udongo wa vilima usibebwe na mvua, nilipewa buti za plastiki zilizonizidi miguu, koti la mvua na pembetatu ya mbao. Mkubwa wa ofisi yetu ya Kimemi, mjini Butembo, tuliyemwita Chef d'antenne, alitazama sketi yangu akauliza kama nitaweza kupanda vilima nayo. Nilimjibu kwamba mama yangu alivipanda na sketi maisha yake yote, tena na mzigo wa mihogo mgongoni. Hakucheka.

Ninyi vijana mna simu zinazopima kila kitu, kwa hiyo nieleze ile pembetatu. Ni mbao tatu zilizofungwa kama herufi A, na jiwe linaning'inia katikati kwa kamba. Kamba ikitulia kwenye alama, miguu yake miwili iko kwenye kimo kimoja. Hapo unachomeka kijiti, unasogea. Vijiti vikishavuka kilima kizima, unachimba mtaro na kupanda ua kando yake, yaani safu ya mimea iliyobanana. Maji ya mvua yanakuta kizuizi, udongo unabaki. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na iliyobaki ilikuwa mikutano.

Nilitumwa Kalunguta. Huko nilimkuta Masika, mjane mwenye watoto wadogo, akilima maharage kwenye mteremko ambao kila mvua kubwa ilizipeleka mbegu zake bondeni. Shamba halikuwa lake. Alilima kwa ruhusa ya mzee mwenye kilima, na kila mavuno alimpelekea sehemu yake. Kwetu Wanande jambo hili hakuna asiyelijua: ukipewa shamba namna hiyo, unapanda maharage, mihogo, viazi. Mti hupandi. Ukipanda mti umetangaza kwamba ardhi ni yako.

Nilitaka tumpandie majani marefu, yale ya kulisha mbuzi, maana mizizi yake inakamata udongo vizuri tu. Masika alikubali papo hapo. Nikaenda kumweleza Chef de projet, mkubwa wa mradi mzima, naye ni mzaliwa wa Butembo kama mimi.

"Mama, hiyo desturi niko naijua," alisema. "Mais lakini, benye kutoa franga banataka miti. Majani haionekane ku foto."

"Mwenye kilima atamufukuza, Chef."

"Atamufukuza juu ya nini? Tutamwita ku mukutano, tutamupatia jembe. Donc, ni miti."

Mzee aliitwa. Akapokea jembe, akashukuru, akaketi. Masika alikuwa nyuma yangu akinivuta shati. "Mama, uyu muzee hajasema kama anakubali," alininong'oneza. Nililisema hilo kwa sauti mbele ya mkutano, na Chef de projet akaniambia nisiwapotezee muda wageni, wale waliotoa fedha za mradi. Wageni wakapiga picha zao, wakaondoka kabla mvua haijaharibu barabara.

Miti ilishika. Mpaka leo nasema tulifanya kazi safi. Baada ya misimu michache udongo mweusi ulikuwa umejaa nyuma ya kila ua, na maharage ya Masika yalipendeza hadi wapita njia walisimama kuyatazama. Ndipo mzee alipokuja na wanawe.

"Umepanda miti ku udongo ya baba yangu," alimwambia. "Kesho utasema ni yako. Toka."

Alitoka maharage yakiwa bado mabichi. Mti hata mmoja hawakuung'oa. Nilikimbia kwa Chef de projet, naye akaniambia bila kuinua macho, "Kalunguta tulishamaliza, Mama."

Masika alielekea upande wa Eringeti, alikosikia kuna ardhi. Baadaye nami nikahamishiwa huko, nikamtafuta vijijini, lakini vita vilikuwa vimeshawatawanya watu na mashamba yalikuwa vichaka. Sikumpata. Hasira hiyo nimestaafu nayo, na sitaki mtu anitulize.

Juzijuzi nilipita Kalunguta kwenye matanga. Nyua zimekuwa nene, kilima kimesimama imara. Mke wa mtoto wa mwisho wa yule mzee, bibi arusi aliyeletwa hivi karibuni, aliacha kupalilia akaja kunisalimia kwa mikono miwili.

"Aksanti, Mama. Banasema ni weye ulileta hii miti. Inatusaidia sana."

Nilimwambia shukrani hizo ni za Masika.

Alinitazama kwa heshima kabisa. "Masika? Uyo ni nani?"