Matuta ya Agwang

Agwang wa kijiji cha Mella hakujaliwa mtoto, na mumewe alipofariki, shemeji zake walimwachia kibanda na kipande cha ardhi kando ya kinamasi, ardhi ambayo hata mbuzi hawakuitamani. Hicho ndicho alichokitoa mwaka 1964, kanisa lilipotafuta mahali pa kuwalimia mboga wazee na wagonjwa.

Wanawake kumi na wawili walijitolea. Siku ya kwanza walilima wakiimba. Ya pili wakaja saba. Mvua ilipokatika, akabaki Agwang peke yake. Alitembea kutwa nzima hadi Busia kumwomba Felistus, mama muuza mboga, mbegu za sukuma wiki. Alibeba maji kwa debe mpaka shingo ikakakamaa. Matuta yalipochipua, wenzake wakarudi mmoja mmoja, kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa.

Asubuhi moja jembe liliteleza, likampasua mguu. Kidonda kikaoza. Wiki tano alilala ndani, wala hakuna aliyebisha hodi.

Alipoweza kusimama, alijikongoja kwa fimbo hadi bustanini. Ilikuwa siku ya walimaji kugawana mboga zilizobaki baada ya za wazee na wagonjwa. Anjeline, mke wa katekista, alimzuia mlangoni.

"Tulikaa kikao, dada. Asiyelima wiki tatu hapati fungu."

"Anjeline, niliumia humu humu. Na ardhi hii ni yangu."

"Uliitoa kwa Mungu. Sasa unamnyang'anya?"

Wengine wakacheka. Agwang akamtazama Amuge, ambaye yeye Agwang ndiye aliyemzalisha mapacha usiku wa mvua. Amuge aliinama akajifanya anafunga mboga.

"Basi nipeni hata ya kuchemsha leo."

Anjeline akaonyesha kwa kidole majani yaliyotobolewa na wadudu, waliyowatupia mbuzi. "Hayo hapo. Sisi si watu wabaya."

Agwang alitaka kugeuka aondoke, lakini tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni. Mguu haukukunjika, kwa hiyo akajibwaga chini, akayachambua majani mbele ya macho yao.

Kiangazi kilichofuata miche ilikauka yote. Wakamwendea, Anjeline akitangulia: "Wewe ndiye unayejua. Kazi ya kujitolea haina kinyongo." Akaenda. Akawafundisha kupandikiza na kufunika miche kwa nyasi, yeye ameketi kwenye tope. Bwana Shamba alipokuja kutoka Tororo kuwatunuku majembe mapya, walimfungia Agwang katika jiko la kanisa, wakisema kidonda kinanuka mbele ya mgeni. Alisikia makofi kupitia ukuta. Jina lake halikutajwa.

Mwezi wa Desemba mguu ulikatwa. Aliporudi na magongo, fungu lake halikuwapo bado. Miaka mitatu iliyobaki ya maisha yake alilishwa na Apendi, mzee kipofu aliyepelekewa mboga na bustani ile. Kila Jumamosi Apendi alipapasa fungu lake, akaligawa mara mbili. Wanawake walipogundua, wakampunguzia fungu.