Delmar na Risasi Zilizovikwa Karatasi

Sufuria yangu nzuri ya kupikia jemu aliiharibu mume wangu Delmar, na nilimwambia bila kumung'unya maneno: "Umeshayeyushia risasi humo, basi ni yako. Mimi sitaki kufa kwa jemu yenye sumu." Akacheka tu. Ilikuwa Septemba, hapa kwetu Idaho, kulungu wakubwa wameanza kulia milimani na wanaume wote wa bondeni wamepandwa na wazimu wao wa kuwinda wa kila mwaka.

Ila wazimu wa Delmar haukuwa wa kulungu, ulikuwa wa baba yake.

Mzee Alvah, baba mkwe wangu, alirithi bunduki kuukuu ya babu yake, mtutu mpana umelika, risasi za dukani zinatoka humo zikipepesuka kama mlevi. Kwa hiyo alimimina zake mwenyewe kwenye kalibu, kisha akaivika kila moja karatasi nyembamba iliyolowa, mizunguko miwili, ncha zikutane bila kupandana, mkia usokotwe chini. Karatasi ndiyo inayoikaza risasi ndani ya mtutu. Ikifika mdomoni mwa mtutu inachanika, inaanguka chini vipande vipande, na risasi inakwenda zake imenyooka. Kwa kazi hiyo bonde zima lilimwita fundi.

Delmar naye alijaribu alipokuwa kijana. Baba yake akaziokota zile alizozifunga, akawaonyesha wajomba mezani: "Tazameni jamani, mwanangu kaviringisha soseji!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Delmar hakugusa tena kazi hiyo.

Sasa mzee yuko nyumba ya wazee, akili inamtoka kidogo kidogo. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake. Na huyu mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, dereva wa greda, kaitoa ile bunduki kabatini.

"Unatafuta nini, Delmar?" nikamuuliza. "Nyama tunayo, friza haifungi."

Akainama, akaendelea kukata karatasi. "Nataka baba aniambie zimetoka vizuri. Mara moja tu. Kabla hajasahau bunduki ni kitu gani."

Nikamwachia meza ya jikoni.

Basi akaanza. Karatasi ya ofisini ikawa nene mno. Ya kufungia sigara ikachanika mkononi. Mwishowe mama mmoja wa kanisani akampa karatasi nyembamba za taipu za zamani, naye Delmar akajifungia jikoni kwangu na vidole vyake vinene, ulimi nje, akiviringisha. Jioni alizipanga juu ya jiko zikauke. Asubuhi tunakwenda machimbo ya kokoto, anapiga ubao, na mimi ninakwenda kutazama: matundu marefu, risasi zimeingia kiubavu.

"Hii imeingia kwa kulala," nikamwambia. "Labda imechoka."

"Ruthanne, nyamaza bwana!"

Alikuwa akipiga magoti mbele ya bunduki anaokota karatasi kwenye kokoto. Mafundi wenyewe wanazisoma hizo karatasi. Ikianguka mikanda safi, kazi nzuri. Ikianguka imeungua au imejiviringa kama kidonge, kazi mbaya. Zake zilikuwa vidonge vitupu.

Siku moja nilitaka kuoka mkate wa mahindi, nikazikusanya risasi zake zote juu ya jiko nikaziweka ukingoni mwa dirisha kwenye baridi, zikakaukia huko. Akanigombeza weee! Mpaka tulipokwenda kuzipiga. Matundu ya mviringo, yamekaribiana kiasi cha kufunikwa na kiganja. Kumbe moto wa jiko ulikuwa unazikausha kwa pupa, karatasi inalegea. Delmar akaangalia ubao, akaniangalia mimi, akanibeba juu juu pale machimboni kama msichana. Tulicheka siku hiyo. Alizikusanya zile karatasi kwenye kopo la kahawa, mikanda myembamba myeupe, hakuacha hata mmoja.

Jumapili tukaenda kwa mzee. Alikuwa amekaa dirishani, amenyolewa vizuri. Delmar alimmiminia zile karatasi kwenye blanketi la magotini.

Mikono ya mzee ikazijua kabla yake. Akachukua mkanda mmoja, akaunyoosha, akaupapasa ukingo kwa kucha, akaunusa. Akachukua mwingine. Uso ukamchangamka, sikuwa nimeuona hivyo mwaka mzima.

"Nani kafunga hizi?"

"Mimi," Delmar akasema.

"Zimekatika safi kabisa. Hazijaungua." Akamtazama usoni kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni. "Wewe ni fundi, bwana. Umejifunza kwa nani?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumshika yule mzee mabega nimpigie kelele, ndiye huyu, ndiye mwanao! Delmar akanibana mkono.

"Kwa mzee mmoja wa huku kwetu," akajibu.

"Alikufundisha vizuri." Mzee akazidi kupapasa zile karatasi. "Mimi nina kijana wangu, Delmar. Alitaka sana kujifunza kazi hii. Akija, unaweza kumfundisha?"

"Naweza, mzee."

"Lakini umvumilie. Mimi sikumvumilia." Akaunyoosha mkanda mwingine. "Siku hizi hata haji kuniona."

Delmar alikuwa huko kila Jumapili, Mungu wangu, kila Jumapili.

"Atakuja," akamwambia baba yake. "Nitamwambia aje."

Mzee akamshika mkono, akamshukuru. Tulipotoka nje nilimnyang'anya Delmar funguo za gari, maana alikuwa haoni njia kwa machozi.