Maneno Yaliyostaafu

Kazi yangu pale Busia ilikuwa kuongea. Kampuni ilipitisha mizigo forodhani, na yadi yake ilijaa malori yanayongoja karatasi. Mimi nilikaa ghorofani, dirisha likitazama yadi na barabara, kipaza sauti mbele yangu. Karatasi zikiwa tayari, nilimwita dereva. Lori likiziba njia, nilisema lisogezwe. Nilitangaza kwa Kiswahili chetu cha mpakani, ambacho Mteso anaelewa, Msamia anaelewa, na dereva aliyetoka Mombasa anacheka kidogo kisha anaelewa.

Halafu akaja meneja mpya. Alitupeleka hotelini Tororo kwa semina, akatufundisha lugha ya kampuni. "Shida" ni neno lililostaafu, alisema. Sasa ni "fursa iliyojificha". Dereva ni "mshirika wa safari". Kuchelewa ni "kuiva taratibu". "Hatari" nalo limestaafu, pamoja na "haiwezekani" na "imeharibika". Tulirudia kwa sauti moja, watu wazima na mvi zetu, kama darasa la kwanza. Karani mmoja aliyekaa karibu nami alicheka. Wiki iliyofuata meza yake ilikuwa tupu. Tuliambiwa hakufukuzwa. Ameachiliwa achanue.

Tangu hapo nilipima kila neno kabla ya kulisema. Nilikuwa na watoto shuleni na mama mgonjwa kule kijijini Iyolwa, na sikutaka kuchanua. Nilijichunga mpaka nyumbani. Binti yangu aliniuliza kwa nini taa imezimika, nikamjibu kwamba umeme umepumzika. Alinitazama kama anayemtazama mgeni.

Mchana mmoja wa jua kali nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Nikasimama dirishani. Nje ya geti, kandokando ya barabara, lori la tangi la mafuta lilikuwa linavuja chini, na petroli ilikuwa inatiririka mtaroni. Dereva alikuwa amejilaza chini ya gari akihangaika na koki. Ng'ambo ya barabara mama wa chapati alikuwa na sigiri yake, makaa mekundu.

Nilikimbilia chumba cha meneja. "Bosi, petroli inamwagika!"

"Mwenzangu," akasema bila kuinua macho, "tunasemaje?"

Nilimshika mkono nikamvuta mpaka dirishani. Aliuona mtaro. Nikadhani sasa atapiga kelele. Badala yake alifunga macho, akayatafuta maneno, kisha akaniambia nitangaze hivi, neno kwa neno. Nikabonyeza kitufe.

"Wapendwa washirika," nikasema, na sauti yangu ikasikika mpaka sokoni. "Mshirika wetu wa kimiminika anashiriki nasi zaidi ya ilivyotarajiwa. Karibuni tuipe fursa hii nafasi."

Kwa Kiswahili cha meneja, hiyo ilimaanisha: ondokeni.

Watu barabarani walisimama, wakageukia spika. Kisha mwanamume mmoja akapaza sauti, "Wanagawa! Kampuni nagawa mafuta!"

Walikuja na madumu. Walikuja na beseni, na sufuria, na chupa za maji walizomwaga njiani. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alipiga magoti kwenye mtaro akaanza kuchota kwa kikombe. Vijana wa bodaboda walifika na pikipiki zao zinanguruma, wakazisimamisha palepale kwenye unyevu. Dereva alitoka chini ya gari akawa anawasukuma huku analia. Hakuna aliyemsikiliza yeye. Tangazo walikuwa wamelisikia kwenye spika.

"Hawajaelewa," nikamwambia meneja. "Wataungua wote. Niwaambie?"

"Rudia," akasema. "Ongeza tafadhali."

Ng'ambo ya barabara mama wa chapati aliinama, akaanza kuyapepea makaa.

Sikumbuki kubonyeza kitufe. Nakumbuka sauti iliyotoka, ambayo sikujua ninayo. "Petroli hiyo! Itawaka! Tupeni madumu, kimbieni! Mama wa chapati, acha kupepea! Usiguse sigiri, toka hapo! Zimeni pikipiki, msiwashe tena!" Nikarudia kwa Kidhopadhola cha nyumbani, kisha kwa Kisamia changu kibovu, kisha nikawa napiga mayowe tu, yowe la msiba ambalo halina lugha.

Madumu yalidondoka. Watu walikanyagana. Yule mwanamke mwenye mtoto aliteleza mtaroni, akashikwa mkono na dereva, wakakimbia pamoja, na mimi nikawafuata kwa macho mpaka wakapotea nyuma ya maduka. Polisi walifunga barabara, zimamoto wakaja na povu lao. Hakuna kilichowaka.

Jioni meneja aliniita. Alifunga mlango.

"Umetumia maneno yaliyostaafu," akasema.

"Watu wangekufa, bosi."

"Najua." Alisema polepole, akiangalia mlango. "Makao makuu walinileta hapa kwa sababu niliwaahidi ofisi isiyo na hatari. Nikiandika kulikuwa na hatari, nitasema nini?" Kisha akanisomea ripoti aliyokwisha kuandika: Washirika walikusanyika kwa hamasa, wakatawanyika kwa furaha.

"Unanifukuza?"

"Hatufukuzi mtu, mwenzangu. Tunamwachilia achanue."

"Nachanua lini?"

"Leo."

Nilibeba mkoba wangu nikatoka. Getini nilipanda bodaboda. Tulipokuwa tumeshaanza kwenda, kijana aligeuza kichwa. "Dada, ni wewe ulikuwa natangaza? Ile ya kwanza ulisema nini? Sisi tulisikia mnagawa."

Nikataka kumjibu. Hapo upepo ukaniletea harufu ya shati lake. Lilikuwa limelowa petroli kifuani mpaka kiunoni, na chini yake injini ilikuwa ya moto. Nilimpiga bega, nikamwambia asimame, azime, avue lile shati sasa hivi. Alicheka, kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Akalivua, akalitupa majanini. Aliikokota pikipiki, mimi nikitembea pembeni yake, mpaka tukafika kwangu.